Nimekutwa nimelala kwenye gari nikiwa nimekunywa, nikiri tu yaishe?

Swali lenyewe nalifupisha hivi: "Wakili habari. Ijumaa usiku nilitoka kwenye sherehe nimekunywa, nikaendesha kama dakika kumi nikaona macho yananidanganya, nikapaki pembeni nikalala, injini niliiacha inawaka kwa ajili ya hita. Nikaamshwa na tochi ya polisi dirishani. Nikawaambia ukweli kwamba nimetoka kwenye sherehe nikaona bora nipumzike kidogo. Wakanipulizisha kipimo cha ulevi pale pale, kituoni nikapuliza tena mara mbili. Asubuhi nikatoka kwa dhamana, mahakamani ni baada ya siku 12. Mi ni dereva wa kampuni, nina mke na watoto wawili. Ndugu wananiambia kiri tu ulipe faini yaishe. Nifanyeje, na leseni yangu itakuaje?"

Kaka pole sana, na asante kwa kueleza bila kuficha, maana wengi wanaonitafuta wananipa nusu ya habari alaf nusu nyingine naisikia kwa mwendesha mashtaka. Nikwambie kitu kabla ya sheria. Hii kazi nimeifanya pande zote mbili, nimekaa na madereva kama wewe na nimekaa pia na familia za watu waliogongwa na dereva aliyelewa, kwa hiyo nilipofika pale uliposema "nikapaki pembeni" nilishusha pumzi kabisa. Ulichelewa dakika kumi ila ulipaki. Hakuna aliyeumia na hakuna gari lililoguswa, na hilo ndilo litabeba sehemu kubwa ya yote nitakayokuambia hapa. Kungekua na majeruhi tungekua tunaongelea kitu kingine kabisa, Uingereza kwa mfano kusababisha kifo ukiwa umelewa adhabu yake ya juu tangu mwaka 2022 ni kifungo cha maisha.

Hujataja nchi uliyopo, hivo nitakueleza jambo lenyewe linavyokwenda na pale nchi zinapotofautiana nitakupa mifano, wewe na wakili wa hapo ulipo mtachukua kinachowahusu.

Sasa hilo neno la ndugu zako, kiri yaishe. Naelewa linatoka wapi, wanakupenda na wanaona aibu inakutafuna wanataka ipite haraka. Lakini haiishi siku hiyo kaka. Usiku mmoja kama huo unafungua mafaili manne matano kwa mpigo na kila faili lina mwenyewe. Kuna faili la mahakama, kuna la mamlaka ya leseni, la bima, la mwajiri wako, na kama unaishi nchi za watu kwa viza au kibali kuna la uhamiaji. Ukikiri mahakamani umefunga moja tu, alaf hukumu ile ile inabebwa inakwenda kuwa ushahidi kwenye mengine yote. Nilikua na mteja, dereva wa malori, alikuja kwangu wiki tatu baada ya kukiri mwenyewe siku ya kwanza bila wakili, faini alishalipa na risiti anayo mfukoni anaona kamaliza, kilichomleta ni barua ya kusitishwa leseni iliyofika nyumbani na barua ya kazini iliyofuata siku mbili mbele. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Sikua na jibu zuri la kumpa.

Tena hayo mafaili saa zake hazilingani. Hapa ndipo watu wanapoumia sana. Wewe unahesabu siku 12 za mahakama, lakini leseni inaweza kuwa na siku zake pungufu ya hizo. Mfano California, ukikamatwa kwa ulevi una siku 10 tu kuanzia siku ya kukamatwa kuomba usikilizwe na idara ya leseni, zikipita hujaomba usitishaji unaingia wenyewe hata kama kesi ya mahakamani haijaanza, na Florida pia ni siku 10. Na usitishaji huo ni wa kiutawala, maana yake sio adhabu ya hakimu, kwa hiyo unaweza ukashinda mahakamani na leseni ikabaki imefungiwa. Kwa hiyo leo hii, sio kesho, toa kila karatasi uliyopewa kituoni uiweke mezani usome nyuma na mbele, ile ya rangi rangi uliyoiona kama risiti tu inaweza ikawa ndio notisi ya leseni na wakati huo huo ndio kibali chako cha muda cha kuendesha. Andika tarehe zote kwenye karatasi moja. Hiyo ndio kazi ya kwanza.

Haya, sasa tuingie kwenye kesi yako yenyewe maana ina kitu ambacho kesi nyingi za ulevi hazina. Ulikutwa umelala, gari limesimama.

Sheria za nchi nyingi zinatofautisha kuendesha ukiwa umelewa na kuwa na gari chini ya udhibiti wako ukiwa umelewa. Uingereza hayo ni makosa mawili tofauti na tofauti yake ni kubwa, ukitiwa hatiani kwa kuendesha ni lazima ufungiwe leseni angalau miezi 12, hakimu hana namna isipokua kwa sababu maalum kabisa, lakini ukitiwa hatiani kwa kuwa na udhibiti tu ni pointi 10 za makosa kwenye leseni na hakimu ana uhuru wa kukufungia au kuacha. Na kwenye hilo la pili kuna utetezi, ukithibitisha kwamba hapakua na uwezekano wa wewe kuendesha hadi kilevi kishuke chini ya kiwango unaachiwa. Marekani mambo yanatofautiana jimbo kwa jimbo, yapo yanayotaka gari liwe limetembea, na yapo ambayo kukaa kiti cha dereva funguo ziko karibu kunatosha. Hivo maswali yatakayoulizwa ni ya vitu vidogo vidogo. Ulikua kiti gani? Kilikua kimelazwa nyuma au kimesimama? Funguo zilikua wapi, taa zilikua zinawaka, mkanda ulikua umefunga? Gari lilikua nje kabisa ya njia au tairi mbili bado ziko barabarani? Ulikua umempigia mtu aje akuchukue? Kama ulimtumia mkeo meseji "njoo unifuate" kabla hujalala, kaka hiyo meseji usiifute, inaweza ikawa na thamani kuliko chochote nitakachoandika hapa. Na injini kuwaka itakusumbua, sikufichi, ila hita kwenye usiku wa baridi ni maelezo yanayoeleweka na wakili anaweza kuonyesha hali ya hewa ya usiku ule ilikuaje.

Sasa tatizo. Uliwaambia umetoka kwenye sherehe ukaona upumzike. Najua uliongea kwa nia njema, mtu kaamshwa usingizini na tochi machoni anaongea kinachokuja, lakini sikiliza sentensi yenyewe ilivyo, umetoka sehemu fulani, na umefika hapo kwa gari. Askari hakukuona unaendesha, pengine hakuna mtu yeyote aliyekuona, aliyetoa ushahidi kwamba uliendesha ni wewe. Kosa la udhibiti umeligeuza kuwa kosa la kuendesha kwa maneno yako. Nakuambia hivi nikijua inauma, nia sio kukulaumu, nataka usiendelee kuongeza. Maana wiki hii mpelelezi anaweza kukupigia "njoo tu ujazie maelezo kidogo", ukienda peke yako utaeleza ulikunywa nini, saa ngapi, ulipita njia ipi, na yote yataandikwa. Ukipigiwa, jibu kwa heshima kwamba utakuja na wakili wako, basi, nchi nyingi hiyo ni haki yako.

Na kama lile neno lako litakubalika mahakamani au la, ni swali la kisheria sio la kukata tamaa. Marekani haki ya kuonywa kabla ya kuhojiwa ipo tangu kesi ya Miranda ya mwaka 1966, ila mwaka 1984 mahakama kuu kabisa ya huko ikaamua, kwenye kesi ya Berkemer ambayo nayo ilikua ya dereva aliyesimamishwa akiwa amelewa, kwamba maswali ya kawaida ya pembeni ya barabara kabla hujawekwa chini ya ulinzi hayahitaji onyo lile. Kwa hiyo uliyosema dirishani yana uwezekano mkubwa wa kuingia, uliyosema kwenye gari la polisi ukiwa na pingu hadithi ni nyingine. Uingereza nako kukaa kimya kuna gharama yake, tangu sheria ya mwaka 1994 mahakama inaweza kukufikiria vibaya ukileta utetezi kizimbani ambao hukuutaja ulipohojiwa, ndio maana huko watu wanashauriwa waongee na wakili wa zamu pale pale kituoni, ni bure. Unaona, ushauri wa "nyamaza tu" unaosambaa kwenye simu hauwezi kuwa sawa kila mahali.

Lakini nisieleweke vibaya. Kunyamaza na kudanganya ni vitu viwili tofauti. Usije ukamwambia mtu kwamba ulikunywa baada ya kupaki kama sio kweli, watu wengi wanaishikilia hiyo hadithi kwa sababu wameisikia mahali, alaf inawazamisha. Uingereza sheria inachukulia kwamba kiwango chako ulipokua unaendesha hakikua chini ya kile kilichopimwa, ukisema ulikunywa baadaye mzigo wa kuthibitisha ni wako na utahitaji mtaalamu wa hesabu za kilevi. Kanada nao mwaka 2018 walibadilisha sheria, kosa sasa ni kuwa na kiwango cha kosa ndani ya saa mbili baada ya kuacha kuendesha, kwa hiyo mlango huo umebanwa sana. Na usimtume mtu akakuongelee kwa askari, wala usimpe yeyote hela eti anafahamiana na watu. Hapo utakua umeacha kosa la barabarani umeingia kwenye rushwa, na huko hakuna cha faini na kwaheri.

Tuje kwenye kipimo. Hujaniandikia namba, na hiyo namba ndio naitaka. Tafuta ile karatasi ndogo iliyotoka kwenye printa ya mashine ya kituoni, zile za wino wa joto zinafifia, ipige picha sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Ukiishika utaona kwanza namba ya mashine, alaf tarehe na saa, alaf mistari kadhaa, mara nyingi kuna mstari wa mashine kujipima hewa safi inayotakiwa kusoma sifuri, kuna mstari wa kujipima kwa kiwango kinachojulikana, alaf pumzi ya kwanza, pumzi ya pili, na mwisho mashine inajipima tena. Mi nikipewa karatasi hiyo sianzii kwenye namba kubwa, naanzia kwenye saa. Niliwahi kuona karatasi inaonyesha mteja amepuliza dakika sita tu baada ya kufika kituoni, wakati utaratibu wa pale ulitaka mtu aangaliwe dakika 15 kwanza bila kula, kunywa wala kutapika. Hizo dakika zina sababu yake. Kilevi kikibaki mdomoni, au ukicheua kikapanda kutoka tumboni, mashine inasoma mdomo badala ya mapafu na namba inaruka juu. Kama una ugonjwa wa kiungulia, meno ya bandia, au ulitapika usiku ule, mwambie wakili.

Angalia pia pumzi mbili zinakaribiana kiasi gani. Zikipishana sana kuna swali. Uingereza wanachukua ya chini kati ya hizo mbili, na kipimo cha pale barabarani kazi yake ni kumpa askari sababu ya kukukamata tu, kinachokupeleka hatiani ni cha kituoni. Hivo kama namba unayoikumbuka ni ya kimashine kidogo cha dirishani, sahau hiyo kwanza.

Alaf usichanganye vipimo. Hili nalisema kwa sababu ya mke wa mteja mmoja, alinipigia usiku analia kwamba mume wake alisoma 0.48 na kwenye simu ameona kwamba mtu mwenye 0.48 anakufa. Ile 0.48 ilikua miligramu kwa lita ya pumzi. Ukiigeuza kuwa damu inakuja kama asilimia 0.10 au 0.11, juu ya kiwango cha nchi nyingi, kosa lipo, lakini sio mtu wa kufa. Kilevi kwenye damu ni kingi mara 2,100 hivi kuliko kwenye ujazo ule ule wa pumzi, Uingereza wao wanatumia 2,300, na tofauti hiyo yenyewe ni kwa sababu miili haifanani, mashine inakadiria. Kuhusu viwango, Uingereza na Wales ni mikrogramu 35 kwenye mililita 100 za pumzi, sawa na miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu, Uskoti wakashusha tangu Desemba 2014 ikawa 22 kwa pumzi na 50 kwa damu. Marekani ni asilimia 0.08 isipokua Utah ambao ni 0.05. Ujerumani asilimia 0.05 ni kosa la faini na kufungiwa mwezi, ila ukifika 0.11 inakua jinai moja kwa moja hata kama uliendesha vizuri kabisa, na ukifika 0.16 hurudishiwi leseni hadi upite tathmini ya kitabibu na kisaikolojia. Uswidi ni 0.02. Kwa hiyo namba ile ile mahali pengine ni onyo na mahali pengine ni rekodi ya jinai, ndio maana naitaka.

Kuna na jambo la muda. Kinywaji hakiingii kwenye damu papo hapo, kilele kinakuja kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya glasi ya mwisho, wakati mwingine zaidi ukiwa umekula. Baada ya hapo mwili unakitoa taratibu, kwa watu wengi ni kama asilimia 0.015 kwa saa, na kahawa, maji ya baridi au kuoga haviharakishi chochote. Kama ulimaliza glasi ya mwisho ukaingia moja kwa moja kwenye gari, ulipopimwa saa moja baadaye unaweza ukawa juu kuliko ulivyokua unaendesha, na huo ni utetezi unaojulikana baadhi ya nchi. Kama ulilala kwa muda wa saa nne nzima ndio ukapimwa basi hesabu inageuka, na upande wa mashtaka ndio watakaotaka kurudi nyuma waonyeshe ulikua juu zaidi. Ndio sababu nakuomba uandike usiku wote ule saa kwa saa, leo wakati bado unaukumbuka, ulikula nini, glasi ya mwisho saa ngapi, ulipaki saa ngapi, nani alikuona ukiondoka. Juu ya karatasi andika kwamba ni kwa ajili ya wakili wako na umpe yeye tu, usiitume kwenye grupu la familia.

Kama walikutoa damu pia, uliza kama kuna sehemu yako. Nchi kama Uingereza ukiomba wanagawa sampuli mbili na moja unapewa ukapime kwenye maabara yako, watu wengi wanaipokea ile chupa wanaiacha kwenye droo hadi inaharibika. Na picha za kamera, ya kifuani kwa askari, ya gari lao, ya kituoni, mwambie wakili aandike barua ya kuomba zihifadhiwe wiki hii hii, maana mifumo mingi inafuta vya zamani ikishapita muda wake, na video inayokuonyesha umelala, kiti kimelazwa, unaongea bila kubabaika, hiyo ndio shahidi wako pekee.

Haya, siku ya 12 sasa. Mara nyingi siku ya kwanza hakuna kesi inayosikilizwa, utasomewa shtaka na kuulizwa ni kweli au si kweli. Chumba kimejaa, majina yanaitwa haraka haraka, unaweza ukasimama dakika mbili ukakaa. Presha ya kusema "kweli" pale ni kubwa kuliko unavyodhani, kila aliye mbele yako anasema kweli anapigwa faini anatoka. Soma hati ya mashtaka kabla hujajibu, tena neno kwa neno, je wameandika uliendesha au wameandika ulikua na udhibiti? Tarehe ni sahihi, namba ya gari ni yako, kiwango kilichoandikwa ni kile cha kwenye karatasi ya printa? Kama hujapata wakili au hujaonyeshwa ushahidi, omba muda, mahakama zimezoea ombi hilo na sio dharau kwa hakimu.

Mi sisemi usikiri kabisa. Kuna kesi nimewashauri watu wakiri, na wakakiri, na lilikua jambo sahihi, kwa sababu ushahidi ulikua mzito na kukiri mapema kunapunguza adhabu, Uingereza kwa kawaida ni theluthi moja ukikiri hatua ya kwanza. Kukiri ukijua unakiri nini na kitafuata nini ni tofauti na kukiri ili utoke chumbani. Na kwenye kesi yako kuna kitu cha kuzungumza na upande wa mashtaka kwanza, kama wanaweza kukubali shtaka la udhibiti badala ya kuendesha. Hawalazimiki kukubali. Ila mtu aliyepaki mwenyewe, hakuna aliyeumia, na kama rekodi yako ni safi, wakili ataweza kusema hayo kwa utulivu kabla hujafungua mdomo. Ukishakiri lile kubwa, mazungumzo hayo yamekwisha, na kurudisha nyuma maneno ya kukiri ni kazi ngumu mno.

Kuhusu leseni na kazi nitakua muwazi maana najua ndio inayokunyima usingizi. Madereva wa kulipwa mara nyingi wanapimwa kwa kipimo kikali zaidi. Marekani mwenye leseni ya magari makubwa kiwango chake akiwa kazini ni 0.04, na hata akikamatwa na gari lake binafsi siku ya mapumziko akatiwa hatiani anapoteza leseni ile ya biashara mwaka mmoja, mara ya pili ni maisha. Sehemu nyingine ipo nafuu, Uingereza hakimu anaweza kukupa nafasi ya kusoma kozi ya madereva walevi inayoweza kupunguza hadi robo ya muda wa kufungiwa, majimbo mengi ya Marekani yanakuruhusu kuendesha kwa kufunga kwenye gari kifaa unachopuliza ndio injini iwake. Kwa mwajiri, chukua mkataba wako usome kipengele cha kutoa taarifa, mikataba mingi ya madereva inataka utoe taarifa ukishtakiwa, sio ukihukumiwa. Ukiificha wakaja kuijua wenyewe watakufukuza kwa kuficha hata kama kesi umeshinda, nimeliona hilo na lilinisikitisha maana kijana alikua ameshinda kweli. Taarifa iwe fupi na ya maandishi, umeshtakiwa kwa kosa fulani, tarehe ya mahakama ni fulani, basi, usisimulie usiku ulikuaje. Wakili aipitie kwanza. Bima vivyo hivyo, soma masharti, bei itapanda hilo lipo, na kumbuka kama kungekua na ajali nchi nyingi bima inamlipa aliyegongwa alaf inakugeukia wewe kudai.

Kama hauko kwenye nchi yako, tafuta na mtu wa uhamiaji kabla ya kukiri chochote. Kanada tangu Desemba 2018 kosa hili linaweza kuhesabika kama jinai nzito na kumtoa hata mkaazi wa kudumu, na Marekani viza inaweza kufutwa kwa sababu ya kukamatwa tu, kabla ya hukumu.

Kuna swali hukuuliza, nalileta kwa sababu nakujali. Ulipoanza kunywa ule usiku ulikua na mpango wa kurudije nyumbani? Na imeshatokea mara ngapi ukaendesha hivo bila kukamatwa? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe, au mwambie mkeo. Kama jibu linakutisha, nenda kwa daktari au mshauri wa mambo ya pombe wiki hii, kabla ya mahakama. Hakimu anaona tofauti kati ya mtu aliyeamua mwenyewe na aliyeamriwa, na cheti cha kuanza tiba kikiwa na tarehe ya kabla ya kesi kina uzito. Lakini hata kingekua hakina uzito wowote ningekuambia uende.

Halafu siku ya mahakama usiende ukiendesha. Hata kama unaamini leseni bado ni nzima, usiendeshe mpaka wakili amethibitisha kwa maandishi, kwa sababu usitishaji unaweza kuwa umeshaingia na barua iko njiani. Nilikua nje ya chumba cha mahakama na mteja wa wakili mwenzangu, amekuja amevaa vizuri, barua ya daktari mkononi, kila kitu kimeandaliwa, askari akamuuliza tu umekujaje, akasema nimekuja na gari, lipo hapo nje. Leseni yake ilikua imesitishwa siku nne nyuma. Mwombe mkeo akupeleke, mfike nusu saa kabla, na hiyo picha ya karatasi ya printa mtumie wakili leo usiku.